Sikufagia Vioo, Nikampofua Bi Mkunga

Huku kwetu Kwale kuna mwanamke anayeona kwa jicho moja. Lile jingine nimeliua mimi. Si kwa ngumi wala kwa kisu. Nimeliua kwa kiburi na kwa kutofagia! Nitukaneni mtakavyo. Jina langu silitaji, na huruma yenu siitaki.

Mimi nilikuwa fundi wa vioo vya magari, Ukunda. Fundi aliyenifundisha alifunga virago mwaka ule bendera yetu ilipopandishwa, akarudi kwao, kazi yake nikaishika mimi. Barabara za huku ni za changarawe. Lori likikupita tu, jiwe limekurukia, kioo cha mbele kimekwenda. Kwa hivyo kazi ilinijaa. Na kichwa nacho kikanijaa! Nani mwingine angewatilia kioo toka hapa hadi Lunga Lunga? Nikaanza kuwajibu wateja kama mbwa aliye mnyororoni. Uhuru tulioupata mimi niliufanya uhuru wa kudharau watu.

Kioo cha gari kikivunjika humwagika punje punje, kama chumvi ya mawe. Huingia vitini, huingia chini ya mikeka, na hasa huingia kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo chenyewe. Mwalimu wangu alinionya: kabla hujang'oa kioo kilichopasuka, ziba matundu yale kwa tambara. Ukimaliza fagia, panguza, kisha fungua feni ya hewa wewe mwenyewe uone kama kuna kitakachoruka. Usimwachie mwenye gari akakione njiani.

Nilikuwa nayajua yote hayo. Nayajua! Ndiyo maana sina udhuru.

Asubuhi moja akaja Bi Mkunga. Ndivyo tumwitavyo sote. Ni mwanamke wa makamo, mkunga aliyeisomea kazi yake. Alinunua gari dogo kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama, akajifunza kuendesha mwenyewe ili awafikie wazazi wa vijiji vya mbali. Mke wangu ni mmoja wa aliowazalisha. Mtoto wetu wa kwanza alitanguliza miguu, na ni mikono ya mama yule iliyomtoa salama, yeye na mamake.

Alistahili shikamoo yangu. Sikumpa.

"Hujambo, mwanangu," akasema. "Jiwe limenivunjia kioo. Nakuomba unitilie kingine upesi, kuna mzazi ananingoja njia ya Kinango."

"Weka gari pale. Na usinisimamie!"

Alikuwa amenikosea nini? Hakuna! Ila palikuwa na wanaume wamekaa nje ya gereji, wanamcheka mwanamke aliyeshika usukani, na mimi nikataka kicheko chao kiwe changu. Nikang'oa kioo kibovu bila kuziba matundu. Nikavika mpira, nikapachika kioo kipya, nikapiga kofi juu ya boneti. "Haya, chukua gari lako!"

Akachungulia ndani. "Mwanangu, viti vimejaa chenga za kioo. Huyo ninayemfuata atakaa hapa. Hebu nifagilie."

Nikachukua ufagio nikamtupia miguuni! "Umeweza kuendesha gari kama mwanamume, hushindwi kufagia kama mwanamke. Fagia!"

Wale wanaume wakaangua kicheko. Yeye akauokota ufagio. Akainama na buibui lake, akafagia viti, akapanguza sakafu kwa leso yake mwenyewe. Alipomaliza akanigeukia. "Kuna pengine palipobaki?"

Hapo, jamani. Hapo! Macho yangu yalikuwa juu ya yale matundu. Nilikuwa naziona punje zikimeta ndani yake. Neno moja lingetosha.

Nikamwambia, "Nenda zako, umeshanichelewesha."

Akaenda.

Jioni nikamsimulia mke wangu huku nikila. Nikamweleza ufagio, nikamweleza kicheko, na kwa upumbavu wangu nikamweleza hata yale matundu niliyoyanyamazia. Nilidhani atacheka. Akaiondoa sahani mbele yangu na chakula kimo.

"Yule mama?" akaniuliza. "Yule yule?"

"Kwani yeye ni nani?" nikamfokea.

Kesho yake habari zikafika. Siku ile ile aliyotoka kwangu, jua lilipopanda, Bi Mkunga alifungua hewa ndani ya gari. Punje zikaruka zikampiga usoni. Alilisimamisha gari bila kupinduka, akashuka akipapasa, damu inamtoka jichoni. Wapita njia ndio waliomfikisha hospitali. Madaktari walijitahidi, lakini jicho lilikuwa limeshakwenda. Yule mzazi wa Kinango alizaa mikononi mwa majirani. Alhamdulillahi, mtoto alipona.

Mnafikiri nilikwenda kumwangukia? Sikwenda! Kaka yake alipoifikisha kesi kwa chifu, ndipo nilipozidi kuwa mnyama. Nikasimama mbele ya baraza zima na kofia yangu kichwani.

"Nilifagia kila mahali, Chifu. Naapa. Huenda alivunja kitu mwenyewe. Mwanamke na gari, wapi na wapi?"

Wanaume wakaguna kunikubali. Bi Mkunga alikuwa ameketi na kitambaa kimemfunika nusu ya uso.

"Umeapa, mwanangu?" akaniuliza.

"Nimeapa."

Akainamisha kichwa. Chifu alikuwa karibu kuyafunga maneno, wallahi ningeshinda! Ndipo mke wangu aliposimama katikati ya wanawake.

"Huyu ni mwongo," akasema. "Ameniambia kwa kinywa chake kwamba kioo alikiona, akanyamaza. Tena aliniambia akicheka."

"Kaa chini!" nikapiga kelele. "Kaa chini, au nakuacha hapa hapa!"

"Usijisumbue," akanijibu. "Nguo zangu na za watoto nimeshazifunga."

Wale wale walioguna kunikubali wakaanza kunizomea. Tajiri mwenye gereji, aliyeniajiri, alikuwa pale, akanifukuza kazi mbele ya watu, akaniambia nisikanyage tena hata kuchukua shati langu la kazi. Mke wangu akaenda kwao Kibuyuni na watoto. Nilipomfuata, shemeji zangu walinipokea na mapanga. Hakuna gereji iliyonitaka tena, toka Ukunda mpaka Msambweni. Leo napasua mawe ya kujengea, mikono imechanika, na wenzangu wakila hawaniiti.

Mwishowe nilikwenda kwa Bi Mkunga. Nilimkuta barazani akichagua mchele, sinia ameliinua karibu ligusane na uso ili aone. Gari lake lilikuwa uani, kuku wamelala juu yake. Sikuambiwa karibu.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

Hakuniangalia. "Radhi ya nini? Ya jicho langu, au ya mkeo kukuacha?"

Nilitafuta jibu la kweli moyoni, na nililolikuta lilinitia haya.

"Basi nenda kwanza ukajue," akasema. "Ukija huku na uwongo mwingine, nitawaitia watu."

Nikaondoka. Nilipofika njiani nilimkasirikia! Ndiyo, nawaambieni kweli: nilimkasirikia yeye, kwa kutonisamehe! Ndipo nilipojijua mimi ni mtu wa namna gani. Astaghfirullah.

Sijarudi kwake. Siku nitakayokwenda, nataka niwe nalilia lile jicho na si kingine. Bado.

Nyinyi mafundi mnaosoma haya, na nyinyi wauza maduka, na makarani mnaowabwatukia watu dirishani, nisikieni. Kuna wateja wasumbufu, najua. Kuna wasiojua kushukuru, kuna wa kukutia hasira tangu wanapoingia. Wachukieni mkitaka, moyo haulazimishwi! Lakini kazi yenu imalizeni mpaka chembe ya mwisho, maana chuki hutulia ukishalala usingizi, na jicho likishatoka halirudi.