Seng'enge ya Sista Marciana

Sista Marciana alikuwa mtu wa kufunga milango. Tangu utotoni, katika kambi ya wakata mkonge ya Rudewa alikozaliwa, ndiye aliyekimbilia kufunga banda la kuku kabla mama yake hajafungua kinywa. Kwa hiyo shirika lake lilipomrudisha kwao kuanzisha shule ya wasichana, katika kitongoji cha wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa, kitu cha kwanza alichosimamisha ni uzio. Madarasa yangefuata.

Nani angemlaumu? Baba yake, mzee Lupakisyo, aliyeacha mkonge akawa mkulima, aliamka mara ngapi akakuta mahindi yamelala chini na alama za kwato zimetapakaa shambani? Ilikuwa masika, nyasi zimempita Sista kimo, kiwanja chote kikaonekana pori tupu. Sista alivuta seng'enge pamoja na masista wenzake mpaka mikono ikachanika, na bado akaimba.

Kiangazi kikaikuta shule tayari, vitanda vya bweni vinanukia rangi mpya. Siku ya kupokea wanafunzi masista walipika wali na maharage, wakajipanga getini wanatabasamu. Hakuja mtu. Wali waliula mafundi, kwa raha zao. Sista Marciana alijifungia kikanisani akalia, na si kidogo.

Kesho yake alikwenda kwa mzee Shigela, ambaye wafugaji wenzake walimsikiliza kwa kila jambo. Njiani akakutana na wasichana wanapanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Mmoja alikuwa Jenipher, binti wa Shigela, aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha. Alipiga magoti na ndoo yake ile ile, wala tone halikumwagika.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukuja shule?"

"Nawapelekea ndama maji, Sista. Siku hizi hawafiki mtoni."

Mzee Shigela aliitikia shikamoo ya Sista, akampa kigoda, kisha hakuzungusha maneno.

"Shule yako nzuri. Lakini pale ulipoweka seng'enge ndipo ng'ombe wetu wanapopita kiangazi kwenda kunywa. Sasa wanazungukia kwenye mashamba ya watu, kila siku ugomvi. Ndama hawaiwezi safari hiyo, ndiyo maana wasichana wanawabebea maji. Nikikupa Jenipher, ndama watakunywa nini?"

"Kwa nini hamkuniambia, baba?"

"Tulidhani umefanya makusudi. Wewe si mtoto wa Lupakisyo?"

Sista alitaka kukasirika, akashindwa. Shule aliyoijenga ili wasichana watue ndoo ndiyo iliyowatwika. Alirudi akachukua koleo, akaanza kuikata seng'enge kwa mikono ile ile ambayo makovu yake yalikuwa hayajafutika. Mama Mkuu wa shirika angepigiwa simu baadaye, kazi ikiwa imekwisha.

Habari zilimfikia mzee Lupakisyo, akaja mbio na fimbo yake.

"Marciana! Ng'ombe waliomaliza mahindi yangu, unawafungulia wewe?"

"Wakipita hapa, baba, hawatapita kwako."

Mzee alisimama akilitafuna jibu hilo. Akaondoka ananung'unika peke yake. Jua lilipoanza kupoa alirudi na nguzo begani, akauliza shimo lichimbwe wapi.

Ndivyo shule hiyo ilivyopata njia ya ng'ombe katikati yake, seng'enge huku na huku, madarasa upande mmoja na bweni upande wa pili. Wageni hucheka wakiiona. Waache wacheke, mimi sijaona shule iliyojengwa kwa akili kuliko hiyo.

Wasichana walikuja. Wiki ya kwanza, Sista akiwa ubaoni anafundisha, kundi la Shigela likapita na vumbi lake, mwenyewe nyuma. Ndama mmoja akapenya chini ya waya, akaingia moja kwa moja kwenye mchicha wa masista. Jenipher alikwisharuka kutoka kwenye dawati, maana hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu ajue kutembea.

"Kaa!" Shigela alipaza sauti dirishani. "Kaa, mwanangu, usome!"

Akainama, akajipenyeza chini ya seng'enge, koti likanasa na kuchanika, akamkimbiza ndama mwenyewe, mtu mzima yule, viatu vya matairi vikimtoka miguuni. Jenipher akakaa. Sista Marciana alibaki na chaki mkononi, amesahau alichokuwa anaandika.