Kandambili za Mpimaji

Miaka ile ya foleni, mkaa ukiwa hauonekani na mafuta ya taa yakipatikana kwa kujuana, ushirika wetu wa Kariakoo ulitengeneza majiko ya umeme. Kazi yangu ilikuwa kufunga koili, ule waya unaopata moto, kwenye vigae. Waya wa tatu, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umeadimika madukani, basi tukafunga nyaya mbili na kumtegemea fundi mpimaji.

Naye alijiamini kwelikweli. Sheria zake alikuwa ameziandika ukutani kwa rangi nyekundu: mpimaji asimame juu ya ubao mkavu, avae kandambili za mpira, mkono mmoja autie mfukoni. Kisha huchomeka plagi na kugusa bati la jiko kwa mgongo wa kiganja. Asiposikia kitu, jiko limepita. Tulimsifu kwa kujua kujihadhari.

Masika yakaingia. Asubuhi moja nilifika pekupeku, viatu mkononi, matope hadi kwenye miundi, na sakafu ya saruji ilikuwa imelowa maji yaliyoingia mlangoni. Kwenye meza ya kupimia palikuwa na jiko ambalo fundi alikuwa ametoka kulipitisha, bado limechomekwa. Nililisogeza ili nipite. Likanirusha. Nikajikuta chini, mkono umekufa ganzi hadi begani.

Fundi akaja mbio. Alipoona sijafa, akacheka kwa woga.

"Dada, na wewe! Unashikaje jiko la umeme huna viatu?"

Nilikuwa nimemkumbuka mama.

Mama alikaa mtaa wa Gerezani. Alipikia uani karibu na bomba, waya umepitishwa dirishani, na ndiye aliyenilelea mwanangu nikiwa kazini. Jiko lake lilitoka kwetu, limepitishwa na fundi huyu huyu. Jamani, mwanamke gani wa mji huu anapika juu ya ubao mkavu, kavaa kandambili, mkono mfukoni? Nilimwona mama akilini akipika miguu mitupu, kanga imelowa, mwanangu mgongoni.

Nikatoka mbio. Foleni ya unga ilikuwa imeziba njia. Nikaipasua katikati, wakanitukana, nami nikawatukana. Nililia waziwazi, mtu mzima mimi. Nilimwomba Mungu mama awe ameenda sokoni, awe anaumwa, awe anagombana na jirani, lolote lile, mradi asiwe anapika.

Alikuwa anapika. Amechutama, mkono ameunyoosha kwenye sufuria.

"Mama, usiguse!"

Akashtuka, akanitazama kwa haya. Hapo ndipo nilipoona kwamba chini ya miguu ametandika gunia, na kiganja amekizungushia matambara.

"Kumbe na wewe unajua kama linauma?" akasema.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ulipolileta. Nimeshalizoea. Mtoto namlaza ndani kwanza ndiyo nawasha."

"Mbona hukuniambia?"

"Kitu umenitengenezea kwa mikono yako, mwanangu. Nikuambie nini?"

Nikachomoa plagi, nikaukata ule waya kwa kisu cha vitunguu. Halafu nikamfokea mama yangu, Mungu anisamehe, nikamfokea huku nimemkumbatia. Alikuwa mwembamba mno chini ya ile kanga. Aliniuliza tu sasa wali utaiva na nini.

Nikarudi kazini na hasira zangu zote. Nikamwambia mwenyekiti wa ushirika kwamba majiko tuliyouza yarudi, na kuanzia leo tupime kwa taa, jiko likiwa limechomekwa: waya wake mmoja kwenye bati la jiko, wa pili kwenye bomba la maji, taa ikiwaka, umeme unavuja, jiko ni bovu. Fundi hakubisha. Alichukua jiko alilokwisha kulipitisha, akafunga taa. Ikawaka. Akachukua la pili, ikawaka. Akakaa kwenye ubao wake, kichwa mikononi, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia.

Lakini majiko yetu yalikwisha kutawanyika, Ilala, Magomeni, Temeke, na wanunuzi hatukuwajua. Mwenyekiti akafikiri kidogo, akapata la kujifariji.

"Ndugu, tusitiane hofu. Mbona hakuna hata mmoja aliyekuja kulalamika?"

"Mama yangu naye hakulalamika," nikasema.