Mzimataa

Shangazi hakuwahi kutoka chumbani bila kuzima taa, hata tukiwa bado mezani tunakula. Tulimwita Mzimataa. Akiwa na miaka hamsini, mwalimu wa hesabu, alikwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamili. Muhula wa kwanza alifeli mtihani mmoja. Angefeli tena, angerudishwa nyumbani.

Nikampigia simu. "Shangazi, unasoma kweli?"

"Nasoma, lakini taa za maktaba hii zinajizima mtu akitulia! Nikizama kitabuni tu, giza. Napunga mikono kama nafukuza nzi."

"Leo umepata kiboko yako!"

Siku ya matokeo alipiga mwenyewe. Alilia kwanza, kisha akacheka, na kabla ya kukata akasema, "Nimefaulu, mwanangu. Washeni taa nyumba nzima."