Jina la Mzee Kesho

Hilary Kesho alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu aliondoka na tabia moja ambayo serikali haikuweza kumnyang'anya: hakuamini jambo lolote lisilo na mhuri. Siku alipokwenda kuposa, aliomba aone cheti cha ubatizo cha Bernadina. Akakisoma mara mbili, kisha akamwambia baba mkwe kwamba paroko alikosea herufi moja kwenye jina la mama. Bernadina alimkubali hivyo hivyo. Akiulizwa kwa nini, husema alimwonea huruma.

Wanaishi juu kidogo ya Oldeani, kwenye shamba la kahawa na mahindi lililofunguliwa na babu yake Hilary, yule Mzee Kesho aliyefariki mwaka themanini na tatu. Katika ukoo ule hakuna mtoto asiyejua habari zake. Jina la Kesho, wanasema, hakupewa na wazazi. Alipewa na watu kwa sababu aliona mambo kabla hayajafika. Alipokuwa kibarua kwenye shamba la mzungu, alisimama mbele ya bwana wake, akamtazama usoni, akasema, "Kesho tutakuwa watu huru." Hapo simulizi huisha, na watoto huambiwa wakalale.

Mwaka huo wa uchaguzi wa serikali za mitaa, ukoo ulikubaliana kulijengea kaburi la babu kwa marumaru na kulibariki kwa misa. Hilary akachaguliwa katibu bila kupingwa, maana hakuna aliyetaka kubishana naye kuhusu muhtasari. Kazi yake ilikuwa kumpa fundi wa Karatu maneno ya kuchonga. Raphaeli, mtoto wa mdogo wake, aliyekuwa anagombea uenyekiti wa kitongoji, tayari alikuwa na maneno yake.

"Andika 'Aliyeiona Kesho', baba mkubwa," alisema. "Hata kwenye kampeni nayatumia. Watu wanayapenda."

"Nani alisikia akisema?" Hilary akauliza.

"Si kila mtu anajua?"

"Kila mtu anajua, lakini nani alisikia? Huo ni ushahidi wa kusikia kwa wengine. Mahakamani haupokelewi."

Raphaeli akamkumbusha kwamba kaburi si mahakama. Hilary akajibu kwamba jiwe halifutiki, kwa hiyo linataka uangalifu kuliko hukumu.

Alianzia parokia moja ya zamani upande wa Mbulu, alikobatizwa babu. Dada Neema, katibu wa parokia, alimtolea kitabu kikubwa chenye harufu ya panya, na wakageuza kurasa mpaka saa ya chai. Mwaka hamsini na moja wakamkuta: Paulo Kesho, mtu mzima, jina la awali Bura mwana wa Amsi, kibarua nambari 114, shamba la kahawa Oldeani. Hilary alinakili kila neno, na nukta zake. Lakini juu ya sababu ya jina, kitabu hakikusema lolote.

"Mapadri waliandika walichoambiwa," Dada Neema akasema. "Ukitaka zaidi, tafuta waliomwita hivyo."

Basi akaenda kwenye shamba lenyewe. Limeshabadilisha wenyewe mara nne, na meneja wa sasa alikuwa kijana mpole ambaye karatasi yake ya zamani kuliko zote ilikuwa ya mwaka elfu mbili na tisa. Mlinzi wa geti, aliyekuwa anasikiliza huku akimenya muwa, ndiye aliyesema kwamba vitabu vya wazungu vilichomwa siku walipoondoka, ila kimoja. Hicho alikichukua Mmasai aliyekuwa akichunga ng'ombe wa shamba, akaenda nacho kwao Endulen. Jina lake Kisioki. Amekufa zamani, lakini ana mtoto, Lekoko.

Bernadina alimfungia maandazi na chupa ya chai. Gari la kupeleka unga Endulen likampa nafasi mbele, na kwenye lango la hifadhi ya wanyama askari akaja dirishani na daftari lake.

"Mzee, unakwenda kutalii?"

"Hapana. Nakwenda kumtafuta babu yangu."

"Babu yako anaishi Endulen?"

"Babu yangu alifariki mwaka themanini na tatu. Amezikwa Oldeani."

Askari akamtazama dereva. Dereva akatazama mbele.

"Sasa huku unamtafuta kwa nani?"

"Kwa mzee mmoja ambaye simfahamu," akajibu Hilary, ambaye hajawahi kumdanganya mtu mwenye sare.

Askari akaandika kwenye nafasi ya sababu ya safari: *Msiba*. Hilary alitaka kumsahihisha, lakini dereva alikuwa ameshaondoa gari.

Lekoko alikuwa mzee wa miaka kama themanini, mrefu, mwenye jicho moja linalocheka hata kinywa kikiwa kimetulia. Mkamwana wake, Naisula, aliwaletea chai ya maziwa na kubaki karibu ili atafsiri pale Kiswahili cha mkwewe kitakapoishiwa. Hilary akajieleza kuanzia mwanzo, pamoja na tarehe. Alipotaja kitabu, Lekoko akanyanyua mkono.

"Kipo," akasema. "Lakini hakitoki."

"Sitaki kukichukua. Nataka kusoma tu. Kwa nini baba yako alikihifadhi?"

"Kile ni kitabu cha watoro. Kila siku karani anaandika nani amekuja, nani hajaja. Mzungu alipoondoka, baba akasema: mzungu mwingine atakuja, atasoma hiki, atatutafuta. Kitabu kikikaa kwangu, hakuna aliyetoroka." Akanywa chai. "Tukangoja. Hakuja mwingine mwenye kuuliza. Wewe wa kwanza."

Naisula akatoa sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani, kimefungwa kwenye shuka kuukuu, kulikuwa na daftari nene lenye jalada la kitambaa. Karani wa enzi hizo alikuwa Mswahili mwenye mwandiko mzuri, na Hilary alipouona alijisikia kama mtu aliyekutana na ndugu. Akavaa miwani. Akapitisha kidole mpaka mwaka arobaini na saba, mwezi wa Novemba.

*Na. 114, Bura Amsi. Ameitwa. Asema kesho.*

Akageuza ukurasa. Siku iliyofuata: *Na. 114. Ameitwa. Asema kesho.* Wiki nzima ilikuwa hivyo. Kufikia Disemba karani alikuwa amechoka kuandika: *114, kesho tena.* Baada ya Krismasi: *Yule wa kesho, bado.* Na Januari, kwa wino mweusi, bila nambari wala jina la baba, mistari miwili tu: *Kesho ameitwa. Kesho hayupo.* Tangu hapo, mpaka kitabu kinaisha, Bura mwana wa Amsi hakuonekana tena. Alikuwepo Kesho tu, na mara nyingi hata yeye hakuwepo.

Hilary alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma upya. Maneno yalikuwa yale yale.

"Imesemaje?" Lekoko akauliza. Yeye mwenyewe hajui kusoma, na kwa miaka yote ile hakuna aliyemsomea. Naisula ndiye aliyeinama juu ya bega la Hilary, akasoma, akaanza kumweleza mkwewe kwa Kimaasai, lakini hakufika mbali, maana alilazimika kuweka birika chini acheke. Lekoko alicheka mpaka akapaliwa, na Naisula akampiga mgongoni.

"Tafuta baba," Lekoko akasema alipopata pumzi. "Tafuta Kisioki."

Wakamkuta ukurasa wa nyuma. *Kisioki, mchungaji wa ng'ombe. Kazi nzuri. Hasikii.*

"Alikuwa kiziwi?" Hilary akauliza kwa upole.

"Alisikia ndama akikohoa ng'ambo ya bonde," Lekoko akasema. "Aliyekuwa hamsikii ni mzungu."

Hilary alipiga picha kurasa kumi na saba kwa simu, lakini moyo wake haukutulia, kwa kuwa picha bila uthibitisho ni picha tu. Akaandika kwenye karatasi kwamba nakala hizo ni halisi, akamwomba Lekoko aidhinishe. Wino haukuwepo. Lekoko akapaka dole gumba masizi ya chini ya birika, akaligandamiza kwenye karatasi kwa uzito wa hakimu. Hilary alisema baadaye kwamba alama ile ilikuwa safi kuliko nyingi alizoziona mahakamani.

Nyumbani alimweleza Bernadina kila kitu. Mkewe alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua mpaka mwisho wa habari, kisha akasema, "Sasa nimeelewa. Mlango wa jiko nao, tangu Pasaka unaniambia utautengeneza kesho."

Raphaeli, aliyekuwa ameshazisikia habari, alifika asubuhi yake, akaanza kulalamika kabla hata salamu hazijakamilika. Alikuwa ameshasambaza vipeperushi mia tatu vyenye picha yake na maneno *Ukoo Unaoiona Kesho*.

"Baba mkubwa, nakuomba. Zifiche hizo picha. Hata kwa wiki mbili tu."

"Hati ya umma haifichwi."

"Ni ya umma gani, si imetoka chini ya kitanda cha Mmasai?"

"Imethibitishwa."

"Basi, jambo hili huwezi kulisema kesho?" Raphaeli akauliza, na aliposikia alichosema akainama akashika kichwa.

Hilary hakulala vizuri siku hizo. Si kwamba hakuwapenda watu wake. Yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alilala mara nyingi akimwona babu amesimama mbele ya mzungu, mrefu kama mti wa msesewe, na alihisi kwamba anayemwondoa mtu yule si mzungu wala karani, bali ni yeye Hilary, kwa simu yake mwenyewe. Lakini Jumapili ya kikao ikafika, ukoo ukakaa uani kwenye mabenchi ya kanisa waliyoazima, na ajenda ya pili ilikuwa maneno ya jiwe. Akasimama. Akasoma kurasa zote kumi na saba, pamoja na tarehe, kwa sauti ile ile aliyosomea mashtaka.

Alipomaliza, mjomba mmoja akatazama viatu vyake. Raphaeli alikuwa amefumba macho kama anayeng'olewa jino.

Aliyesema kwanza ni Shangazi Penina, binti wa mwisho wa Mzee Kesho aliyebaki hai, mwenye miaka themanini na minane.

"Rudia miezi," akasema.

"Novemba, Shangazi. Disemba. Januari."

"Mwaka arobaini na saba?"

"Na arobaini na nane. Na tisa."

"Nilikuwa nachunga ndama," akasema Shangazi Penina. "Mnyapara alikuwa anapita alfajiri na fimbo, anagonga nyumba kwa nyumba. Baba anatoka, anashika kiuno, anasema kesho, mgongo. Mnyapara akishapita mlimani, baba anachukua jembe, anaingia porini. Mvua imeanza, sasa apande lini? Mzungu ana kahawa, sisi tuna njaa. Hapa mlipokaa palikuwa msitu. Aling'oa visiki kwa siku zile zile alizokuwa anaumwa."

Watu wakaanza kuinua vichwa. Mjomba wa viatu akasema kumbe. Raphaeli akafumbua macho, na ilionekana wazi kwamba ameanza kutunga hotuba.

"Kwa hiyo alikuwa anapinga ukoloni," akasema.

"Alikuwa anapanda mahindi," Shangazi Penina akamjibu. "Na siku nyingine alikuwa amelala tu. Nilimwona. Msimfanye mtakatifu, atawachosha."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikasambaa mpaka kwa mjomba. Hilary peke yake aliendelea kuandika muhtasari, lakini Bernadina aliyekaa karibu naye aliona ameandika mstari mmoja mara mbili, na akajua kwamba naye anacheka kwa namna yake. Wakabishana saa mbili juu ya jiwe, na mwisho wakakubaliana liandikwe majina yote mawili, kama yalivyo kwenye hati: *Bura Amsi, aliyeitwa Kesho*. Na chini yake: *Alilifungua shamba hili*.

Habari haikuchukua siku mbili kufika kitongoji kizima. Kwenye mikutano wapinzani wa Raphaeli walimsubiri afungue kinywa, wakaitikia, "Kesho!" Siku ya kwanza alinuna. Ya pili akawaambia kwamba babu yake alimwambia hivyo mzungu, na wao si wazungu, kwa hiyo bomba la maji atalianza leo. Watu wakacheka, na alishinda kwa kura kumi na moja. Wameshamfuata mara tano kumuuliza habari za bomba.

Siku ya misa Lekoko alikuja na Naisula, amevaa shuka jipya, kitabu kimefungwa kifuani kama mtoto. Alikaa benchi la mbele, karibu na Shangazi Penina, na hakumruhusu yeyote akiguse, hata padri, ambaye alikinyunyizia maji ya baraka kwa mbali. Baada ya chakula majirani wakaanza kusogea mmoja mmoja. Nao mababu zao walikuwa vibarua kule. Ikabidi meza itolewe nje. Lekoko akakiweka kitabu juu yake, akashika pembe moja, na Hilary akavaa miwani, na foleni ikajipanga mpaka kwenye migomba.

Wengine waliondoka na hesabu ya siku za kazi za babu zao, wengine na mwezi ambao babu alifika kutoka Mbulu. Sabina wa duka la pembejeo aliambiwa babu yake aliandikwa *haji, anakuja mkewe*, akasema bibi yake angefurahi kuona kwamba kuna aliyeandika hilo. Mwisho akafika Julius, fundi baiskeli, ambaye siku zote amesimulia kwamba babu yake alikuwa mnyapara mkuu, mtu wa karibu kabisa na mzungu. Hilary akapitisha kidole.

"Nambari 61," akasoma. "Kazi yake ni kumwamsha bwana asubuhi. Hamwamshi."

Julius aliutazama ukurasa asioweza kuusoma kwa umbali ule. Kisha akaomba isomwe tena, polepole na kwa sauti zaidi, maana mama yake alikuwa amekaa benchi la nyuma na angependa naye asikie.