Mashuka Mbele ya Jua

Kabla ya funza kuingia nyumbani kwetu Chanika, alasiri za mama zilikuwa zangu. Mwalimu mstaafu, alivuta kigoda barazani, akavaa miwani yake, nami nikamsomea nilichoandika asubuhi. Hakuwa mtu wa kusifu. Akikohoa, nilijua sentensi imelala. Akitulia kimya, nilijua nimepata. Riwaya yangu yote ilipitia kwenye masikio yale.

Kisha mdogo wangu wa kike akarudi kutoka kwenye mafunzo ya ufugaji. Alishonea chandarua kwenye fremu ya mbao, akakisimamisha uani, na ndani yake akafuga nzi weusi, wembamba kama nyigu, wasiouma wala kugusa chakula. Nzi wakitaga, mayai yanaanguliwa kuwa funza. Funza wanakula maganda na nyanya mbovu anazobeba mdogo wangu kutoka sokoni Buguruni. Wakinenepa, wanaliwa na kuku wetu badala ya dagaa. Mama alikunja uso siku ya kwanza tu. Siku ya pili alihamishia kigoda uani.

"Mama, sura ya saba imeisha," nilimwambia.

"Ngoja kwanza, baba. Huyu anatafuta pa kutagia."

Niliwaonea wivu wadudu. Jioni mama alisimulia walivyofukuzana asubuhi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akizungumzia sura yangu yoyote.

Ni mdogo wangu mwenyewe aliyenieleza kwamba nzi hawa hawapandani kivulini. Wanataka jua lenyewe, la asubuhi. Kesho yake nikafua shuka, nikalianika kwenye kamba iliyopita mashariki mwa chandarua. Keshokutwa yake nikafua mengine mawili, na blanketi.

"Kaka, siku hizi unakojoa kitandani nini?" mdogo wangu alicheka.

"Mwache," mama akasema. "Labda anajiandaa kuoa."

Wiki ikapita. Vibao vya kutagia, vilivyofungwa pamoja ili nzi waweke mayai kwenye nyufa zake, vilibaki vitupu. Nzi wakafa mmoja mmoja, na waliotokana na funza wa zamani nao hawakutaga. Mdogo wangu akabadilisha uozo wa kuwavutia, akabadilisha maji ya kuwanyunyizia. Mama akajihukumu.

"Mie ndiye niliyeshika vibao na mikono ya sabuni," alisema, akaacha kwenda uani.

Nilidhani atarudi barazani. Alikaa chumbani, mlango nusu wazi, akikunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa. Nilisimama pale na karatasi zangu.

"Leo sina masikio, mwanangu."

Kesho yake sikufua.

Siku chache baadaye nilikuwa mezani niliposikia kelele uani. Mama alikuwa anaita, kwa sauti ya msichana, jina la mdogo wangu, mara mbili, mara tatu. Langu hakuliita. Nilichungulia dirishani: wameinamia kibao kimoja, vichwa vimegusana, wanatazama mayai ya rangi ya maziwa, madogo kuliko punje za ulezi.

Baadaye mama alipita mlangoni kwangu, kibao bado mkononi.

"Mashuka yako uwe unaanikia nyuma ya nyumba, baba."

"Ndiyo, mama."

Akarudi uani. Sura ya nane ilikuwa mezani, imeisha. Hakuiulizia.