Pepo wa Kila Ngoma

Makumbi ya nazi yaliyofukiwa matopeni miezi kadhaa yana harufu ambayo siwezi kuieleza mbele ya mtu anayekula. Mimi nililelewa ndani ya harufu hiyo, nyuma ya Mikindani, pale maji ya hori yanapoingia na kutoka kati ya mikoko. Wanawake wa kwetu walichimba mashimo kwenye tope, wakafukia makumbi humo hadi yalainike, kisha wakayafukua na kuyapiga kwa marungu mpaka zikabaki nyuzi tupu, ule usumba wa kusokotea kamba. Wageni walipita wameziba pua. Dada yangu Kadzo yeye aliketi katikati ya uvundo huo ametulia tuli, usumba mapajani, akiuchambua uzi mmoja mmoja na kuupitisha shavuni. Amani iliyokuwa usoni mwake sikuiona hata kanisani.

Ilikuwa miaka ya vita vikuu vya pili. Baba alifanya kazi bandarini Kilindini, meli zikishindana kuingia, akarudi nyumbani amechoka hata kuongea hawezi. Mimi nilikuwa bado sijamaliza kung'oka meno ya utoto, na Kadzo alinitangulia kuzaliwa. Hakuwa bubu, kama watu walivyopenda kusema. Maneno alikuwa nayo, tena safi, ila aliyatoa akitaka yeye. Ukimwita haitiki abee. Mzee akipita njiani sisi wote tunamwamkia shikamoo, yeye anakodolea macho kifungo cha shati la mzee. Uji wake ukitiwa kwenye bakuli lingine, hali, hata njaa imwangushe. Kwetu pwani mtoto asiyeamkia watu ni aibu ya mama yake, basi mama yangu aliaibishwa kila siku ya Mungu.

Kilichomshinda Kadzo kabisa ni kelele. Marungu yakianza kupiga makumbi, aliziba masikio, akapiga ukelele wa kupasua kichwa na kukimbilia nyuma ya nyumba. Aliyempatia dawa ni Shangazi Mbodze, dada yake Baba, mwanamke mwenye ulimi mkali na rungu kubwa kuliko la mtu yeyote pale horini. Kabla hajainua mkono alitangaza, "Kadzo, napiga!" Kadzo huinuka, huchukua usumba wake na kuondoka zake taratibu bila kulia. Kukiwa kimya, hurudi. Wenzake Shangazi walimcheka, eti mtu mzima anamwomba ruhusa mtoto. Aliwajibu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Watu wa kanisani walisema Kadzo ni mtihani tuliopewa. Majirani walisema ni kiburi. Hawe, yaani bibi yetu mzaa baba, alisema ni pepo. Hawe aliishi bara, upande wa Mazeras, na kiangazi kimoja alishuka kuja kutuambia kwamba Kadzo atapelekwa kwa Mzee Ngowa, mganga wa pepo, akapigiwe ngoma. Baba alikuwa Mkristo wa kubatizwa, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, lakini mbele ya mama yake aliinamisha kichwa tu. Mama alilia jikoni akisingizia moshi. Na si ngoma iliyomliza. Mtu ambaye pepo wake ameitika hakurudi kwao. Alibaki kwa mganga mpaka pepo aridhike, na pepo wengine hawana haraka. Tulimjua mwanamke aliyepelekwa huko akiwa msichana, na sasa alikuwa na mvi. Niliposikia hivyo nilimuuma Hawe mkono. Nilichapwa, na mpaka leo sijutii.

Tukaenda, Mama, Hawe, Kadzo na mimi. Tulifika jua likiwa kali, uwanja umefagiwa, wapiga kayamba wamekaa, na ngoma zimeegeshwa juani ngozi zikazane. Mzee Ngowa alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye macho ya kukutazama mpaka umalize kusema. Kazi yake ilikuwa na taratibu zake, nazo kila mtu pale alizijua: kila pepo ana ngoma yake na wimbo wake. Utampigia nyimbo zote zisizo zake, atakaa kimya. Ukipiga wake, hapo hupanda kichwani, mgonjwa atetemeke na kupiga kelele, na ndipo mganga ajue anazungumza na nani.

Walimketisha Kadzo kwenye mkeka katikati. Ngoma ya kwanza haikufika hata pigo la tatu. Dada yangu aliziba masikio akalia kilio kilichosikika mpaka nje ya ua. Vigelegele vikapaa. "Amepanda! Amepanda!" Hawe akainua mikono kushukuru. Mama alijifunika leso usoni, na mimi nikajua tumempoteza Kadzo.

"Hodi hapo!" Alikuwa Shangazi Mbodze. Alipata habari akiwa horini, akaja hivyohivyo, tope limemkauka mpaka magotini, rungu begani, ananuka makumbi uwanja mzima. Aliinama mbele ya mganga. "Shikamoo, mzee. Nina swali la kijinga. Naomba upige wimbo wa pepo mwingine, asiye huyu kabisa."

Watu waliguna, lakini Mzee Ngowa aliwaashiria wapigaji. Wimbo mwingine, kilio kilekile. Hapo vigelegele vilianza vikafa njiani, maana pepo hapandi kwa wimbo wa mwenzake. Shangazi akainua mkono, kukawa kimya. Alingoja Kadzo ashushe pumzi. Kisha akasogeza debe tupu lililokuwa karibu, akainua rungu juu, na kusema kama asemavyo kila siku, "Kadzo, napiga!"

Kadzo akasimama. Akatoa kipande cha usumba kwenye pindo la leso yake, akapita katikati ya wapiga kayamba bila kumwangalia mtu, akatoka nje ya ua na kuketi mbali, ametupa mgongo. Shangazi akalitwanga debe mpaka likabonyea. Kadzo hata hakugeuka.

"Haya, nielezeni," Shangazi akasema. "Pepo gani huyu, kila ngoma ni yake? Na akiambiwa mapema, anaondoka kwa miguu yake mwenyewe!"

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi. Mzee Ngowa hakucheka. Alimtazama Kadzo kule mbali, akatikisa kichwa polepole. "Mimi natoa pepo. Siwezi kumtoa ambaye hayumo. Mrudisheni mtoto kwao."

"Kwani ana nini basi?" Hawe akauliza, sauti imemnywea.

"Ana masikio, dada yangu."

Ah, jamani, kile kicheko cha Mama! Alicheka na kulia pamoja, njia nzima ya kurudi, na mimi nikiruka mbele yao kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Baba aliposimuliwa, tangu siku hiyo alivua viatu vyake vya kazi, vile vyenye misumari chini, nje ya mlango. Hawe naye kila alipotutembelea alianza kupaza sauti kule njiani, "Kadzo, naja!" Kadzo aliishi kwetu, akasokota kamba zake mpaka uzeeni, na kifo kilimkuta kitandani mwake.

Siku hizi hali hiyo ina jina, usonji, na nalipenda jina hilo kwa sababu halimtishi mtu. Ila sijidanganyi, wapo watoto wanaofungiwa vyumba vya nyuma hata leo, na ndugu wanaojiona wameelimika. Juzi niliitwa kwenye ukumbi mmoja Changamwe, wazazi wenye watoto wa namna hiyo wamekutana na wenye usonji waliokwisha kuwa watu wazima, nikawasimulia habari za dada yangu. Mama mmoja kijana, mwanawe ameketi sakafuni kando yake, akaniuliza, "Bibi, na alipona lini?"

"Hakuwa mgonjwa, mwanangu. Alikuwa na masikio."

Wakacheka, wakainua mikono kunishangilia. Mwenye mkutano, yeye mwenyewe mtu wa usonji, akawahi kusimama. "Jamani, tunapiga makofi!" Mikono yote ikabaki hewani. Yule mtoto aliinuka sakafuni, akatoka taratibu, akaketi kwenye ngazi za nje, ametupa mgongo. Ndipo tukapiga, na mimi nilipiga kuliko wote.