Kobayi Niliyemnyima Chakula

Mi nina mdomo, na safari hii umeniponza. Binti yangu anafuga kobayi wawili, vile vipanya vinono visivyo na mkia, ndani ya lile sanduku la kioo ambamo samaki wetu walikufa wote. Mmoja akaanza kuvimba tumbo. Nikasema ni ulafi, nikampunguzia nyasi. Akazidi kuvimba! Binti analia, mi situlii, nakaa, nainuka, nachungulia kioo. Mwisho nikambeba kitinda mimba wangu mgongoni, sanduku kichwani, moja kwa moja soko la Jabe kwa Mzee Saidi aliyeniuzia.

“We mzee, umeniuzia mgonjwa! Nataka mzima!”

“Tulia kwanza, mama, nimwangalie.”

“Apana! Watu wote wasikie!”

Nikalitua sanduku mezani kwake, nikaugeukia umati, nikapayuka weee. Ghafla wakaanza kucheka. Nikageuka: kobayi wangu analamba vitoto vitatu vilivyolowa, na cha nne kinatoka.

Mzee Saidi akamtazama mwanangu mgongoni. “Mama, na wewe ulipovimba na huyu, walikunyima chakula?”